Kamera ikiondoka Kibirizi

Mwalo wa Kibirizi, ufuko wa wavuvi kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, hauna siri. Mama anayeanika dagaa hununua mzigo alfajiri kwa tajiri wa mitumbwi, mara nyingine kwa mkopo, na kesho atamhitaji tajiri huyohuyo. Akisema mbele ya kamera kwamba beseni halijazwi sawasawa, au kwamba bei hupanda akiwa ameshashika mzigo, maneno hayo yatamfikia tajiri kabla mpiga picha hajafunga begi lake. Anayetaka kuzifanya filamu za haki, yaani dokumentari za kutetea watu, kuwa kazi yake ya maisha aanze na hilo, hata kabla ya kuulizia bei ya kamera: wewe utaondoka, aliyesema atabaki. Karibu kila uamuzi tunaoueleza hapa, tangu stendi ya kamera inapowekwa hadi usiku wa kuonyesha filamu, unatokana na jambo hilo moja.

Tanzania tuna mfano wetu, tena wa ziwani. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, ilihusu biashara ya sangara wa Ziwa Victoria, na Watanzania wengi waliijua kupitia sakata la mapanki, yale mabaki ya samaki aliyeondolewa minofu. Ilisifiwa Ulaya na ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na Mwanza yakafanyika maandamano ya kuipinga. Mtengenezaji hakuwa mkazi wa Mwanza. Walioandamwa ni waliobaki, akiwemo mwandishi wa habari aliyeonekana ndani yake. Unaweza kuikubali filamu ile au kuikataa, lakini swali linalotuhusu sisi wa Kigoma ni jingine: nani atajibu kwa niaba ya filamu yako siku ambayo wewe haupo?

Mada huku hazitafutwi kwa tochi. Kuna dagaa, mawese, ardhi, wakimbizi, watoto wanaofanya kazi badala ya kwenda shule. Kazi ngumu ni kuipangia mada kalenda. Chukua kufungwa kwa ziwa. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane, na mialo ikanyamaza. Mpiga filamu anayefika ziwa likiwa limeshafungwa anakuta mchanga mtupu. Yeye anajua kulikuwa na nini pale, mtazamaji wa Dodoma hajui, kwa hiyo utupu ule haumwambii kitu. Anza kurekodi angalau miezi miwili kabla. Chagua sehemu tatu au nne za mwalo, andika daftarini urefu wa stendi, lenzi, saa na upande uliotazama, kisha rudia picha zilezile ziwa likifungwa na likifunguliwa. Picha mbili zilizopigwa mahali pamoja zitasema yale ambayo dakika tano za msimulizi hazisemi.

Ndani ya mwezi mmoja pia kuna ratiba, nayo si ya Jumatatu hadi Ijumaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazivuti samaki vizuri mwezi ukiwa mkubwa. Siku za giza wavuvi hurudi alfajiri, na kuanzia hapo hadi jua la utosi wanawake wako mbioni: kununua, kumwaga, kutandaza, kugeuza. Usiombe mahojiano saa hizo. Mama akikaa chini nusu saa akuhadithie maisha yake, dagaa zake hazitageuzwa, na wingu likipita umemtia hasara wewe uliyekuja kumtetea. Siku za giza rekodi kazi tu. Mahojiano yaweke siku za mbalamwezi, nyavu zikiwa zinashonwa na watu wana nafasi ya kuongea. Kama hakuna namna ila kumhoji siku ya kazi, tafuta mtu wa kumgeuzia dagaa na umlipe wewe.

Kuhusu malipo kuna ubishi usiokwisha. Msimamo wetu ni huu: maneno hayanunuliwi, muda hufidiwa. Kiwango kiwe kimoja kwa kila aliyehojiwa, kitangazwe wazi, kiandikwe daftarini, na kitolewe bila kujali alichosema. Ukimpa mmoja zaidi kwa sababu alilia, wa tano atakuja na machozi tayari, na hapo filamu imeshaharibika.

Sasa pesa yako wewe. Filamu ya haki hailipi kodi ya nyumba, na anayeambiwa vinginevyo anadanganywa. Wengi wanaodumu katika kazi hii huishi kwa harusi, sendofu, matangazo na kurekodi mikutano. Hakuna aibu hapo, na harusi hufundisha jambo moja muhimu sana, kupiga tukio ambalo halitarudiwa. Kazi za mashirika hulipa vizuri zaidi, ila ndipo penye mtego, kwa sababu shirika linataka kuonekana limeleta nafuu. Mkataba useme nani ana neno la mwisho kwenye uhariri, nani anamiliki picha ghafi, na kama mhojiwa anaweza kujitoa. Mambo hayo matatu yasipoandikwa, utashangaa kuona mama wa Kibirizi yuko kwenye bango la kuchangisha fedha ambalo hakuwahi kulisikia. Kwa filamu unayoimiliki mwenyewe kuna mifuko, mmojawapo Docubox wa Nairobi, ulioanzishwa na Judy Kibinge kwa ajili ya watengenezaji wa dokumentari wa Afrika Mashariki. Mifuko haisomi uchungu wa mada peke yake. Inataka kuona una mlango gani wa kuingilia kwa watu hao, na dakika chache za picha zinazothibitisha kwamba wamekukubali. Katika bajeti, tenga robo nzima kwa mambo yanayokuja baada ya kurekodi: tafsiri, safari za kurudi, maonyesho, ushauri wa mwanasheria. Fungu hilo ndilo la kwanza kuliwa likiwa halijaandikwa.

Vibali vinachosha, na havina njia ya mkato. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kupiga filamu. Andaa muhtasari wa hadithi, orodha ya kikosi na orodha ya maeneo. Ukishakipata, shuka nacho ngazi kwa ngazi: ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, afisa utamaduni, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na mwaloni kwenyewe uongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa mwalo. Nakala moja ipelekwe polisi wilaya, ili askari wa doria akikusimamisha kuwe na ofisi inayokujua. Bandari, stesheni, vituo vya mpakani na maeneo ya jeshi usiyaelekezee kamera kwa sababu tu yako kwenye njia yako. Kila moja lina mwenyewe. Droni ina vibali vyake, kuanzia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa mwalo wenye watu hatuipendekezi. Inafanya binadamu waonekane kama punje, na inawashtua.

Muhtasari uandike kwa ukweli lakini kwa lugha ya kazi. "Maisha ya wanawake waanikaji wa dagaa na mabadiliko ya uvuvi" ni kweli tupu. "Kufichua unyonyaji" ni hukumu uliyoitoa kabla ya kusikiliza, na afisa atakayeisoma ana haki ya kuuliza umejuaje.

Kambi za wakimbizi ni safari nyingine kabisa. Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea Wakongo tangu 1996, na mwaka 2015 walifika Warundi wengi. Kuingia kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani kupitia idara inayoshughulikia wakimbizi, kisha kuripoti kwa uongozi wa kambi. Panga wiki nyingi, na usimuahidi mfadhili tarehe. Mkimbizi anayekusimulia sababu ya kukimbia ana ndugu waliobaki ng'ambo. Anayeweza kudhurika pengine hayupo hata mbele ya kamera yako.

Hapo tunafika kwenye ridhaa, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi huharibikia.

Mgeni akija ameongozana na mtendaji, kila mtu atasema ndiyo. Hiyo ni adabu, si ridhaa. Nenda na kiongozi siku ya kujitambulisha, kisha rudi bila yeye, bila kamera, ukae. Wasalimie wazee kwa shikamoo yao, uwaulize wanawake wenyewe ni nani wanayemwamini, ueleze unachotaka. Eleza filamu itaonekana wapi, kwa mifano ya kushika mkononi. Fungua YouTube kwenye simu, tafuta video ya mtu wa Kigoma, mwonyeshe kwamba hata shemeji yake aliyeko Dar es Salaam anaweza kuiona jioni hii, na tajiri pia. Tenganisha ngazi: kuonyeshwa hapa mwaloni, kuonyeshwa kwenye tamasha kama ZIFF la Zanzibar, televisheni, mtandaoni. Mtu anaweza kukubali moja na kukataa nyingine, na fomu iwe na nafasi ya kila moja. Asiyesoma arekodiwe akieleza kwa maneno yake alichokubali. Akishindwa kukieleza, hajakielewa, rudia. Mwache alale na jambo hilo usiku mmoja. Kwa mtoto, mzazi au mlezi akubali, na mtoto mwenyewe akubali pia.

Kisha kuna ridhaa ya pili, ambayo wengi huiruka: baada ya uhariri wa kwanza mwonyeshe sehemu yake kabla mtu mwingine hajaiona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imelipa jambo hili uzito wa kisheria, lakini hata bila sheria lingebaki kuwa deni. Na ndiyo, kuna siku utapoteza mahojiano yako bora kwa njia hii. Inauma. Pitia tena picha za kazi, mara nyingi jambo lilelile limo mle bila mtu kulisema.

Kumficha mhojiwa ni ufundi, na ukungu wa kompyuta juu ya uso ndiyo njia dhaifu kuliko zote, kwa kuwa picha yenye uso bado imo kwenye diski yako. Ficha wakati wa kurekodi. Ukitumia kivuli, mwanga ukiwa nyuma yake, ingiza kipande kwenye laptopu papo hapo na upandishe mwangaza hadi mwisho. Kamera za siku hizi huhifadhi mengi gizani, na macho yakionekana, rekodi upya. Salama zaidi ni kupiga picha ya mikono, kivuli ukutani au mgongo. Halafu kagua vinavyomtaja bila uso: jina la khanga aliyojifunga, bangili, kovu, mlango wa nyumba, mtumbwi ulioandikwa jina na namba nyuma yake, mtoto anayepita akimwita "mama fulani". Sauti iliyobadilishwa kwa programu inaweza kurudishwa karibu na ilivyokuwa, kwa hiyo nakili maneno yake na umpe mtu mwingine ayaseme, na filamu iseme wazi kwamba sauti si ya mhojiwa. Mafaili yapewe namba badala ya majina. Daftari linalounganisha namba na majina lisikae begi moja na diski. Zima utambuzi wa mahali kwenye simu, maana picha ya simu hubeba mahali ilipopigwa.

Upande wa vifaa tutapita haraka. Kama fedha hazitoshi, nunua kamera iliyotumika na maiki nzuri. Mtazamaji huvumilia picha yenye chembechembe, havumilii sauti isiyosikika. Mwaloni adui ni upepo, hasa Juni hadi Agosti, kwa hiyo maiki ivae manyoya yake ya kukinga upepo hata ukidhani kumetulia. Maiki ya kifuani chini ya kitenge kipya hukwaruza kila mama anapopumua. Ibane kwa utepe pande zote mbili, nguo isiisugue. Aifunge mwanamke mwenzake, hivyo kikosi kisicho na mwanamke hakijakamilika. Vaa hedifoni muda wote. Rekodi dakika moja ya sauti ya mahali kila unapohoji, mawimbi na watu kwa mbali, mhariri atakushukuru. Na zima redio ya kibandani: Bongo Fleva ikipita chini ya maneno ya mhojiwa huwezi kuiondoa, na ina mwenyewe wa kumlipa. Wimbo wa wanawake wanaoanika nao si wa bure, uombe kama unavyoomba mahojiano.

Jua la Kigoma hutoka nyuma ya vilima na kuzama ziwani, upande wa Kongo. Mwanga laini wa jioni hupiga nyuso zinazotazama maji. Mchana, mchanga na dagaa hung'aa kiasi kwamba kamera ikiachwa ijipimie yenyewe huwafanya watu weusi ti bila sura. Pima mwanga kwa uso wa mtu, acha mchanga uungue kidogo, au msogeze kwenye kivuli kilicho wazi upande mmoja. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo flemu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 huondoa kumetameta kwa taa za ndani. Taa za kuvulia zinazotumia betri hazifuati kanuni hiyo, zijaribu ukiwa bado nchi kavu.

Kwa ubora wa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja hula gigabaiti 45, na kadi ya gigabaiti 64 hujaa kabla ya saa moja na nusu. Jioni hiyohiyo nakili kwenye diski mbili, zisafiri na watu wawili tofauti, na kadi isifutwe hadi nakala zote mbili zifunguliwe na kuonekana zinacheza. Ukienda vijiji vya kusini kwa boti, kila kitu kiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Katika mahojiano yenyewe, anza na kazi kabla ya machungu. Mwulize dagaa mbichi inatofautianaje na iliyolala, utaona mtaalamu anazungumza, na filamu itamwonyesha hivyo. Akifika mahali pagumu usimsukume, na akilia usisogeze lenzi. Kabla ya kwenda, jua ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi, dawati la jinsia na watoto la polisi liko wapi, na namba 116 ya huduma kwa watoto, kwa sababu kuna siku utasikia jambo ambalo haliwezi kusubiri filamu. Wanakikosi nao huondoka na mzigo huo. Hadithi hizo huingia usingizini. Panga siku tupu baada ya mahojiano mazito, na isiwe mtu mmoja anayehoji, kunakili na kuhariri yote.

Wazee wengi husema la moyoni kwa Kiha, lugha ya wenyeji wa Kigoma. Mkalimani asiwe jirani wala mkwe wa mhojiwa, na atafsiri sentensi nzima. "Anasema maisha magumu" si tafsiri ya dakika nne. Tafsiri ya maandishi iwe mistari miwili, isizidi herufi 42 kwa mstari, na aisome mtu wa pili anayejua Kiha kabla ya kufungwa.

Kwa uhariri, mwalimu wetu mmoja ni Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania aliyetengeneza These Hands mwaka 1992: dakika 45 na wanawake wanaoponda kokoto nje kidogo ya Dar es Salaam, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji. Hakuna msimulizi anayekwambia uone huruma. Nyundo inapanda na kushuka muda mrefu kuliko ulivyozoea, hadi uchovu unakuingia mwenyewe. Hariri ya harusi hukata kila sekunde tatu. Hapa iache picha ikae.

Anayelaumiwa naye apewe nafasi. Mpelekee tajiri, au ofisi inayohusika, maswali kwa barua yenye tarehe ya kujibu, bila kutaja nani kasema nini. Barua hiyo ni kinga yako kesi ya kashfa ikija. Tena mara nyingine jibu hubadilisha filamu, kwa mfano ukigundua tajiri naye anakatwa na anayemkopesha mashine ya boti. Filamu inayoishia kwa mtu mmoja mbaya huwa imechoka kutafuta.

Onyesho la kwanza ni la mwaloni, kabla ya tamasha lolote, na filamu iwe imekaguliwa na Bodi na kupewa daraja. Liweke usiku wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu. Ukiliweka siku za giza utaonyesha wanawake na watoto peke yao, na waliotajwa watasimuliwa kwa kuongezewa chumvi. Mwezi hausumbui projekta ya lumeni 3,000 kwenye turubai la mita tatu kwa mbili. Upepo ndio husumbua: funga turubai kila pembe, toboa matundu ya kupitisha upepo, weka jenereta mbali, upande ambako upepo unaelekea, kusiko na watu. Waliohojiwa wawe wameshaiona faraghani, waamue wenyewe kama watahudhuria na watakaa wapi. Mjadala uongozwe na mtu wa hapo, siyo wewe.

Mtandaoni hufuata mwisho, baada ya kusoma kanuni za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, zinazotumika wakati huo, kwa kuwa hubadilishwa. Kisha weka simu moja ambayo namba yake haitabadilika, waliohojiwa wawe nayo. Miezi kadhaa baadaye mmoja atapiga: ameolewa kwingine, au amepata kazi kwa tajiri yuleyule, hataki kuonekana tena. YouTube ina sehemu ya kukata kipande au kuziba uso kwenye video iliyokwisha kupandishwa huku kiungo kikibaki kilekile. Fanya hivyo siku hiyohiyo, kisha uitoe sehemu yake kwenye nakala za maonyesho pia. Zilizokwisha kupakuliwa na kuzunguka WhatsApp hazirudishwi na mtu yeyote, na sentensi hiyo inapaswa kuwa imo kwenye fomu ya ridhaa, kwa Kiswahili chepesi, juu ya mahali pa sahihi.